Vipande vya konfleksi na siagi ya karanga vikikataa kushika, anza kuichunguza shira

Vipande vya konfleksi na siagi ya karanga havihitaji ovena, na kwa sababu hiyo wengi huvianza wakiamini kwamba hakuna cha kuharibika. Kisha vinapukutika kisu kinapogusa, au vinabaki laini hadi kesho yake, au vinakauka hadi kuumiza meno. Lawama huenda kwa konfleksi au kwa siagi ya karanga, na kopo jingine linanunuliwa bure. Kasoro nyingi zinazoonekana kwenye trei zilitokea kwenye sufuria, katika zile dakika mbili shira, yaani maji ya sukari na asali, ilipokuwa motoni. Kwa hiyo tuanze na dalili, turudi nyuma hadi pale ilipoanzia.

Kipimo cha kulinganishia

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kilitakiwa kuwaje. Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, inayotoa vipande 16:

- konfleksi au mchele wa kupulizwa wa pakiti, gramu 150 (vikombe 5)
- siagi ya karanga laini, gramu 200 (robo tatu ya kikombe)
- asali, gramu 170 (karibu nusu kikombe)
- sukari, gramu 100 (nusu kikombe)
- maji, vijiko vikubwa 2
- chumvi, robo kijiko cha chai
- vanila, kijiko cha chai 1, ukipenda

Weka sukari, asali, maji na chumvi kwenye sufuria yenye kitako kizito. Washa moto mdogo, koroga mpaka sukari iyeyuke yote. Ongeza moto kidogo, acha ichemke bila kukoroga mpaka shira ifike kiwango kinachoelezwa hapa chini. Epua. Subiri povu litulie, tia siagi ya karanga na vanila, koroga hadi iwe laini kama uji mzito unaong'aa. Mwagia konfleksi iliyo kwenye bakuli kubwa, pindua kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, kisha hamishia kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea na ukandamize. Iache saa moja kabla ya kukata.

Kikombe kinachotajwa hapa ni kile cha kupimia cha mililita 250. Kikombe cha chai cha nyumbani mara nyingi huchukua mililita 300 au zaidi. Ukipima kila kitu kwa kikombe hicho kimoja, uwiano unabaki sawa na hakuna ubaya. Mambo huharibika pale konfleksi inapopimwa kwa kikombe cha chai na asali ikapimwa kwa kijiko. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza mjadala huo, na kama utanunua kifaa kimoja tu kwa kazi hii, nunua mizani kabla ya kipimajoto.

Vinabomoka

Hii ndiyo dalili inayotokea zaidi, na ina vyanzo vinne vinavyofanana ukivitazama kwa mbali. Chukua kipande kilichovunjika, kipeleke dirishani kwenye mwanga, uangalie pale kilipokatikia.

Ukiona konfleksi kavu, rangi yake ya dhahabu haijafunikwa na kitu, basi shira na siagi ya karanga havikutosha, au havikuenea. Mara nyingi mtu ameona mchanganyiko "umelowa sana" akaongeza konfleksi kwa kukadiria kwa jicho. Usiongeze. Mchanganyiko sahihi huonekana umelowa kupita kiasi ukiwa moto, ukipoa hushika.

Ukiona kila jani la konfleksi limepakwa vizuri lakini kati yake kuna mapengo makubwa, tatizo ni kukandamiza. Kupapasa juu kwa mwiko hakutoshi. Chukua glasi yenye kitako bapa, ipake mafuta kidogo, ukandamize kuanzia kwenye pembe nne, halafu kingo, halafu katikati. Sikiliza: mlio wa kupasuka hapa na pale ni sawa, mlio mfululizo maana yake unasaga konfleksi iwe unga, na unga huo utanyonya shira yote.

Ukiona mabonge ya siagi ya karanga sehemu moja na ukavu sehemu nyingine, mchanganyiko ulipoa kabla haujaenea. Hapa Nairobi hili hutokea sana Juni hadi Agosti, baridi inapoingia jikoni. Siagi ya karanga iliyotoka kwenye kabati baridi hushusha joto la shira mara moja, na unabaki na dakika moja badala ya tatu. Dawa yake ni rahisi: simamisha kopo, likiwa limefungwa, kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika 10 kabla hujawasha meko. Bakuli la konfleksi nalo lisiwe limetoka kuoshwa kwa maji baridi.

Cha nne ni siagi ya karanga yenyewe ikiwa kavu. Kopo likikaa, mafuta hupanda juu. Wa kwanza kulitumia humimina mafuta yale kwenye sinki, na wa mwisho hukuta udongo mgumu chini. Udongo ule hauwezi kufunga kitu. Ukiishia na kopo la namna hiyo, ongeza kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kwa kila gramu 200, upige mpaka lainike.

Vipande vilivyokwisha kubomoka vinaokoleka siku hiyo hiyo. Pika nusu ya kipimo cha shira, tia vijiko vikubwa 3 vya siagi ya karanga, rudishia vipande vyote ndani, kandamiza upya. Kama huna nguvu ya kurudia, vihifadhi kwenye kopo uvinyunyize juu ya mtindi asubuhi. Ladha haijapotea popote.

Vinabaki laini, au vimekuwa vigumu kama jiwe

Dalili hizi mbili zinaonekana kupingana lakini chanzo chake ni kimoja: kiasi cha maji kilichobaki ndani ya shira. Kila mpishi wa Pwani analijua jambo hili hata kama hajawahi kushika kipimajoto. Shira ya kaimati hupikwa kidogo ili ibaki kama asali. Shira ya kashata hupikwa zaidi ili ishike. Vipande vyetu viko katikati ya hizo mbili. Ukiepua mapema umepata kaimati, na vipande vitanata mkononi na kulegea ukivinyanyua. Ukichelewa umepita hata kashata.

Sasa, watu wa Nairobi wanaofuata maelekezo ya nje huangukia kwenye shimo moja. Maelekezo mengi husema pika shira hadi nyuzijoto 112 au 114. Namba hizo zimepimwa usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa 100. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Shira nayo hushuka kwa kiasi hicho hicho. Ukingoja 114 hapa, umekausha shira kama mtu wa Mombasa aliyeifikisha 120, na vipande vyako vitakuwa vigumu ingawa umefuata kila neno. Limuru ni juu zaidi, kwa hiyo tofauti ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo usikariri namba. Chemsha maji matupu kwanza, zamisha kipimajoto, soma. Ongeza 12 hadi 14 juu ya hapo. Kama maji yako yamechemka kwa 94, shira yako imeiva kati ya 106 na 108. Kipimo hiki kinafaa popote ulipo, na pia kinasahihisha kipimajoto chenye hitilafu ndogo.

Bila kipimajoto, tumia maji baridi. Weka bakuli dogo la maji ya baridi kando ya meko. Shira ikianza kuchemka uso mzima, subiri dakika moja, dondosha nusu kijiko cha chai ndani ya maji yale, kisha uikusanye kwa vidole. Ikitawanyika kama wingu, bado. Ikikusanyika kuwa kibonge laini ambacho ukikitoa majini kinalala na kujibapa kwenye kidole, epua papo hapo. Kibonge kikibaki mviringo na kigumu, umepita. Punguza moto unapopima, maana sekunde 20 za kupima ni sekunde 20 za kupika.

Habari njema ni kwamba shira iliyopita kiasi inarudishika, mradi haijabadilika rangi kuwa kahawia na kutoa harufu ya kuungua. Tia kijiko kikubwa 1 cha maji kwa uangalifu, kwa sababu itaruka, koroga juu ya moto mdogo mpaka ilainike, pima tena. Hili lifanyike kabla ya siagi ya karanga kuingia. Baada ya hapo hakuna kurudi.

Sufuria na moto vina sehemu yao. Sufuria nyembamba ya alumini juu ya meko yenye moto mkubwa huunguza pembeni wakati katikati bado ni maji. Moto usipite kitako cha sufuria. Sufuria nzito nayo ina tabia yake: huendelea kupika hata ikiwa imeepuliwa. Ikalishe juu ya kitambaa kilicholowa maji mara tu unapoepua.

Kama shira ilifika vizuri na bado vipande ni laini, tazama asali. Asali changa, ile inayomiminika kama maji ukipindua chupa, ina maji mengi na huhitaji dakika moja au mbili zaidi motoni. Angalia pia kama uliongeza siagi ya karanga kuliko kipimo. Wengi hufikiri siagi ya karanga ndiyo gundi. Inaleta ladha na ulaini. Gundi ni shira. Ukizidisha siagi ya karanga hadi gramu 300 bila kuongeza shira, vipande havitasimama nje ya friji.

Mafuta yanatoka na mchanganyiko unakuwa wa chengachenga

Unakoroga, na ghafla uji uliokuwa unang'aa unagawanyika: mabonge ya kahawia katikati, mafuta yakizunguka pembeni. Siagi ya karanga ni karanga zilizosagwa zikalowa mafuta yake zenyewe. Ile ya kiwandani huongezwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa ili yashike yale mengine. Ukiipika juu ya moto, au ukiitia kwenye shira inayochemka bado, mshiko huo unayeyuka na mafuta yanajitenga. Ndiyo sababu ya kuepua na kungoja povu litulie, kama dakika moja.

Ikishatokea, usiongeze siagi ya karanga nyingine. Tia kijiko kikubwa 1 cha maji ya moto upige kwa nguvu. Mara nyingi mchanganyiko hurudi pamoja. Usizidishe kijiko kimoja, kwa sababu maji ni adui wa konfleksi.

Siagi ya karanga iliyosagwa sokoni mbele ya macho yako haina mafuta ya kuishikilia. Ikitoka mashineni ni ya moto na inamiminika. Ni tamu kuliko ya kopo, lakini ipunguze hadi gramu 180, ikoroge kuanzia chini kila unapoitumia, na uitie shira ikiwa imepoa zaidi kidogo. Vipande vyake vitahitaji kukaa mahali penye ubaridi.

Konfleksi imelegea, haina mlio

Anza na pakiti. Onja jani moja kabla ya kupika. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, pakiti iliyofunguliwa siku mbili bila kubanwa hunyonya unyevu wa hewa na kulegea, na hakuna shira itakayoirudishia mlio. Ikaushe: sufuria pana, moto mdogo kabisa, dakika 3 hadi 5 huku ukiipindua polepole. Iache ipoe wazi. Ukiifunika ikiwa moto, mvuke wake wenyewe utailegeza tena.

Pakiti ikiwa mpya, basi shira iliingia ikiwa inatoa mvuke. Au vipande vilihifadhiwa kwenye friji bila mfuniko. Au vilifungwa kwenye chombo kabla havijapoa, na matone yakajikusanya chini ya mfuniko. Angalia mfuniko, jibu huwa limeandikwa pale.

Ukibadilisha nafaka, badilisha na vipimo. Weetabix iliyovunjwa hunyonya shira haraka; punguza hadi gramu 120. Oti mbichi zina ladha ya unga, zikaange kavu dakika 6 hadi 8 kwanza. Bisi hufaa sana, ila toa punje zote ambazo hazikupasuka, maana ndani ya shira iliyoganda zinaweza kuvunja jino.

Chembe za sukari mdomoni

Sukari yetu ya dukani, hasa ile ya kahawia, ina punje kubwa na huyeyuka polepole. Ikichemka kabla haijayeyuka, au ukikoroga baada ya kuanza kuchemka, punje zilizobaki kwenye kuta za sufuria huanguka ndani na kuzaa nyingine. Kwa hiyo koroga mwanzoni kwenye moto mdogo mpaka usisikie mkwaruzo chini ya mwiko. Kisha funika sufuria dakika moja. Mvuke utaosha kuta. Baada ya hapo mwiko ukae pembeni. Matone machache ya ndimu husaidia. Asali halisi nayo husaidia, ila iliyochanganywa na sukari haina msaada huo. Maduka ya vifaa vya keki mjini huuza glukosi nzito, na vijiko 2 vyake badala ya vijiko 2 vya asali humaliza tatizo hili karibu kabisa.

Uchungu

Uchungu wa moshi ni shira iliyoungua au karanga zilizokaangwa kupita kiasi. Uchungu wa ukungu, ule unaobaki kooni, ni jambo zito zaidi, na hapa hakuna la kuokoa. Karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu linalotoa sumukuvu, na joto la jikoni haliiondoi. Kuna hatari pia kwamba sumu hiyo ipo bila ladha yoyote. Nunua kopo lenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ukisagiwa sokoni, omba kuona karanga kabla hazijaingia mashineni, uondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye vumbi la kijani. Msagaji mzuri hatakasirika.

Na kwa kuwa tumefika kwenye usalama: asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ikiwa imepikwa. Na kabla ya kufungia watoto vipande hivi waende navyo shuleni, uliza kama darasani kuna mwenye mzio wa karanga.

Chokoleti ya juu

Ukipenda kufunika vipande kwa chokoleti, nayo ina vituko vyake. Ikikataa kuyeyuka na kugeuka tope zito, tone la maji limeingia. Kausha bakuli na kijiko kabisa. Ikipasuka wakati wa kukata, ni baridi mno: itie kijiko kikubwa 1 cha siagi ya karanga wakati wa kuyeyusha, na ukate kwa kisu kilichochovywa maji ya moto kikafutwa. Utando mweupe baada ya siku mbili ni mafuta ya chokoleti yaliyopanda juu, hauna madhara. Ukitumia mafuta ya nazi kuilainisha, kumbuka huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Nairobi yataganda na mchana yatalegea.

Kuhifadhi na kusafirisha

Chombo kikavu chenye mfuniko, karatasi kati ya tabaka na tabaka, mbali na meko. Hukaa wiki moja. Friji inahitajika tu kwa vile vya siagi ya karanga ya sokoni au vyenye chokoleti nyingi, na hata hapo vifungwe kwanza. Vinavyosafiri kwenda Mombasa vipikie shira nyuzijoto 2 zaidi ya kawaida yako, punguza siagi ya karanga hadi gramu 180, na uache chokoleti. Vikitoka Nairobi vitaonekana vigumu kidogo. Joto la kule litavilainisha kufikia jioni.